Muda wa Kuwaza

Mtu akiulizwa jina lake hujibu papo hapo. Akiulizwa kama amemsamehe aliyemdhulumu, hunyamaza kwanza. Ukimya ule mfupi umebeba jambo, na kila aliyeishi na watu anaujua. Hakimu anausikiliza kwa shahidi, mwalimu kwa mwanafunzi, mama kwa mwanawe aliyerudi nyumbani usiku wa manane. Aliyekawia kujibu na aliyejibu upesi hawakupita njia moja, hata kama maneno yao yamelingana herufi kwa herufi.

Sayansi ya akili ilianza kwa kuupima ukimya huo. Hadi miaka ya 1840 walikuwapo wanafiziolojia wakubwa walioamini kwamba mwendo wa habari ndani ya neva hautapimika kamwe. Hermann von Helmholtz akaupima mwaka 1850 kwa msuli na neva ya chura. Kisha mwaka 1868 Franciscus Donders, daktari wa Utrecht nchini Uholanzi, akachapisha maelezo ya majaribio ambayo masikio ya Mswahili hayatayaona mageni, kwa sababu ya silabi zake. Watu wawili wanakaa mbele ya chombo kinachochora mawimbi ya sauti. Wa kwanza anasema "ki", wa pili anarudia "ki" haraka awezavyo. Hapo hakuna cha kuchagua, kwa kuwa kinachokuja kinajulikana. Baadaye sharti linabadilika: wa kwanza anaweza kusema "ka", "ke", "ki", "ko" au "ku", na wa pili hana budi kutambua aliyoisikia na kuirudia hiyo hiyo. Safari hii anakawia kidogo. Donders alichukua muda wa pili akatoa muda wa kwanza. Kilichobaki, sehemu ndogo ya sekunde, akakihesabu kuwa muda wa kutambua na kuchagua.

Nalipenda jaribio hilo kwa unyenyekevu wake. Donders hakudai kuwa ameliona wazo. Alidai tu kwamba wazo linachukua muda, na kwamba muda huo unaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Zaidi ya miaka 120 baadaye, mashine ya MRI ilipoanza kutumika kuutazama ubongo ukiwa kazini, watafiti waliirithi hesabu ile ile ya kutoa. Mpigeni picha mtu akifanya kazi ngumu, zitolewe picha za mtu huyo huyo akifanya kazi nyepesi, na eneo litakalobaki na rangi ndilo linaloshughulika na ule ugumu. Mantiki ni ya Donders moja kwa moja. Kilichoachwa nyuma ni kile alichokuwa anakitoa yeye, yaani muda. Katika tafiti nyingi mno, mtu aliyewaza kwa sekunde nzima na aliyewaza kwa nusu sekunde wameingizwa kwenye hesabu kana kwamba waliwaza sawasawa. Jambo hili limeandikwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 15, na bado halijapata uzito linalostahili nje ya duara lao. Ndiyo sababu nimeamua kuliandikia.

Tuanze na kile mashine inachokiona. MRI haioni wazo wala haioni umeme wa seli, inaona damu. Himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, ina chuma ndani, na tabia yake mbele ya sumaku hubadilika kulingana na kama imebeba oksijeni au imeshaitoa. Linus Pauling na Charles Coryell walilionyesha hilo mwaka 1936. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba tofauti hiyo inaonekana ndani ya ubongo wa panya. Ilipofika 1992 makundi kadhaa yalikuwa yamechapisha picha za ubongo wa binadamu ukifanya kazi, bila kumchoma mtu sindano wala kumtia dawa yoyote. Eneo la ubongo linapochapa kazi, mishipa inayolihudumia hutanuka na damu yenye oksijeni huletwa nyingi kuliko inayotumika, na ishara ya mashine hupanda. Hupanda kidogo sana, mara nyingi kwa asilimia moja hivi, na ndani ya asilimia hiyo moja kumejengwa fani nzima.

Kwamba damu huifuata fikra si habari ya juzi. Katika karne ya 19 Angelo Mosso, mwanafiziolojia wa Turin, alimchunguza mkulima aitwaye Bertino, ambaye jeraha lilikuwa limemwachia tundu kwenye fuvu, kiasi kwamba mapigo ya ubongo wake yaliweza kurekodiwa kutoka nje. Kengele za kanisa zilipolia adhuhuri na Bertino akaulizwa kama zinamkumbusha sala, mapigo yale yaliongezeka. Hakuwa ameinua mkono wala mguu.

Ila damu hufuata kwa kuchelewa, na hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa mazito. Seli za ubongo huzungumza kwa milisekunde. Damu haina haraka hiyo. Tukio fupi kama kupepesa jicho likitokea, ishara hukaa sekunde moja au mbili bila kuonyesha dalili, kisha hupanda, hufika kileleni baada ya sekunde tano au sita, huteremka, huzama kidogo chini ya pale ilipoanzia, na hurudi mahali pake baada ya sekunde zaidi ya kumi. Mtu ameshajibu, ameshasahau alichoulizwa, damu ndiyo kwanza inapanda.

Mwaka 1996 Geoffrey Boynton na wenzake walichapisha kazi iliyotoa msingi wa karibu kila hesabu iliyofuata. Waliwaonyesha watu ubao wenye miraba iliyokuwa ikimetameta kwa sekunde 3, 6, 12 au 24, wakapima eneo la kuonea lililoko kisogoni. Waliona kwamba wimbi la damu la muda mrefu linakaribiana na jumla ya mawimbi ya muda mfupi yaliyopangwa moja baada ya jingine. Si sawasawa kabisa, kwani vichocheo vifupi huzaa wimbi kubwa kuliko hesabu inavyotabiri, lakini ukaribu wake unatosha kufanyia kazi. Tangu hapo mchambuzi anachukua umbo la wimbi moja, analiweka kwenye kila nukta ya muda ambao anaamini ubongo ulikuwa kazini, anajumlisha yote, na jumla hiyo ndiyo anayoilinganisha na kilichopimwa. Wanahisabati wanaiita konvolusheni.

Sasa tazama kinachotokea kazi ikiwa fupi, chini ya sekunde tatu au nne hivi, kama zilivyo kazi nyingi za maabara. Mawimbi yanalaliana kiasi kwamba ukiongeza muda wa kazi, wimbi halirefuki kwa kiasi cha kuonekana. Linapanda juu tu. Na ukiongeza nguvu ya kazi, wimbi nalo linapanda juu tu. Anayekuta ndoo imejaa hadi alama fulani chini ya bomba hawezi kujua kama maji yalifunguliwa kwa nguvu kwa kitambo kidogo tu au yalitiririka taratibu kwa muda mrefu. Seli zilizofanya kazi kwa nguvu mara mbili ndani ya nusu sekunde na seli zilizofanya kazi kwa nguvu ya kawaida kwa sekunde nzima zitaacha alama moja. Mtafiti anaiona alama, na kwa mazoea anasema: eneo hili lilifanya kazi kwa nguvu zaidi. Huenda. Huenda pia lilifanya kazi ile ile kwa muda zaidi.

Chukua jaribio maarufu kuliko yote ya aina hii, lile la John Ridley Stroop la mwaka 1935. Mtu anaonyeshwa neno, na kazi yake ni kutaja rangi ya wino bila kujali neno linasemaje. Neno NYEKUNDU likiandikwa kwa wino mwekundu, ni rahisi. Neno KIJANI likiandikwa kwa wino mwekundu, ulimi unataka kusema kijani na mtu hana budi kuuzuia. Sasa mweke ndani ya mashine. Amelala chali, kichwa kimebanwa kwa sponji kisitikisike, masikio yamezibwa kwa sababu mashine inagonga kwa kishindo, na mbele ya macho kuna kioo kidogo kinachomwonyesha skrini. Mkononi ana vibonye. KIJANI inatokea kwa wino mwekundu, anabonyeza. BLUU inatokea kwa wino wa bluu, anabonyeza. Tuseme kwa yale rahisi anatumia wastani wa sekunde 0.65 na kwa yale magumu 0.80. Na wastani wenyewe unaficha mengi. Mtu yule yule, kwa neno lile lile, mara hii anajibu kwa nusu sekunde na mara ijayo kwa sekunde moja na robo, kwa sababu macho yalichoka, au aliwaza watoto, au alisita tu.

Kila jibu linarekodiwa kwenye faili la matukio, na naomba msomaji alitazame faili hilo kwa karibu, maana ni dogo na limebeba mengi. Utaratibu wa kupanga data za ubongo uitwao BIDS, uliotangazwa mwaka 2016 na kufuatwa na maabara nyingi, unadai safu mbili zisizokosekana: tukio lilianza sekunde ya ngapi, na lilidumu sekunde ngapi. Muda aliotumia mtu kujibu una safu yake pia, ila ni ya hiari. Programu ya FSL ya Oxford hupokea safu tatu: mwanzo, muda, na uzito. Programu ya SPM ya London inakuruhusu kuandika sifuri kwenye muda, na hapo tukio linachukuliwa kuwa nukta isiyo na urefu. Kwa hiyo mahali pa kuandika muda papo, na pamekuwapo siku zote. Lakini fungua faili moja baada ya jingine na mara nyingi utakuta safu ile imejazwa tarakimu moja tu kutoka juu hadi chini: 2, 2, 2, 2, 2. Ni sekunde ambazo neno lilikaa kwenye skrini. Muda wa mashine umeandikwa mahali pa muda wa mtu.

Kosa linazaliwa hapo kimyakimya. Hesabu imeambiwa kwamba kila swali lilidumu sawa, hivyo inatarajia mawimbi yaliyo sawa. Yale magumu yakija na wimbi lililopanda juu kidogo kwa sababu tu mtu alikawia, hesabu haina pa kuiweka tofauti hiyo isipokuwa kwenye jina la kundi. Na jina la kundi ni mgongano, au udhibiti, au ugumu wa maadili, au lolote ambalo mtafiti alikusudia kulitafuta. Rangi inatokea kwenye picha. Makala inaandikwa.

Mwaka 2008 Jack Grinband, Tor Wager, Martin Lindquist, Vincent Ferrera na Joy Hirsch walichapisha ulinganisho wa njia nne za kuliwakilisha swali moja ndani ya hesabu. Ya kwanza inalifanya kuwa nukta. Ya pili inalipa kipindi cha urefu usiobadilika. Ya tatu inalifanya nukta, lakini nukta hiyo inaongezwa kimo kadiri mtu alivyokawia. Ya nne inalipa kipindi chenye urefu wa muda halisi ambao mtu aliutumia, swali kwa swali. Walihitimisha kwamba njia ya nne inaiga vizuri zaidi kinachotokea mwilini na ina uwezo mkubwa zaidi wa kugundua ishara iliyopo. Kwa maamuzi ya chini ya sekunde, njia ya tatu na ya nne hufanana sana. Muda ukirefuka hadi sekunde kadhaa, kama pale mtu anapopima bei au anapotafakari hatia ya mshtakiwa wa kubuni, wimbi halisi huanza kupanuka, na nukta haijui kupanuka.

Ukishakubali kuandika muda, swali linalofuata ni gumu kuliko lile la kwanza: muda upi? Neno limekaa kwenye skrini sekunde 2. Mtu amebonyeza kwenye 0.8. Kwa eneo la kuonea, kazi imedumu sekunde 2, maana neno lilikuwa bado linaonekana. Kwa maeneo yanayoamua, kazi imedumu takribani 0.8, pengine pungufu, kwa kuwa sehemu ya muda huo ilitumika kusoma kabla na kusukuma kidole baada. Kwa eneo linaloamrisha kidole, kazi ilikuwa kitambo kidogo karibu na mwisho. Na sekunde 1.2 zilizobaki baada ya kibonye? Baadhi ya watu wanatulia. Wengine wanajiuliza kama wamekosea, na kujiuliza huko ni kazi ya ubongo kama kazi nyingine. Hakuna urefu mmoja unaofaa ubongo mzima. Sioni kuwa hilo ni sababu ya kukata tamaa. Naliona kuwa ni sababu ya kusema wazi, katika kila makala, ni muda wa nani uliandikwa na kwa nini, kwa sababu anayeandika 2 kwa kila swali naye amefanya uamuzi wa kinadharia, hata kama alidhani anajaza fomu.

Mabishano makubwa ya suala hili yamehusu eneo lililoko ndani ya paji la uso, katikati, juu. Kwa miaka mingi nadharia iliyotawala, iliyofafanuliwa kwa kirefu na Matthew Botvinick na wenzake mwaka 2001, ilisema kwamba eneo hilo hufuatilia mgongano: majibu mawili yanaposhindana, lenyewe linatoa taarifa kwamba udhibiti zaidi unahitajika. Stroop ilikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Mwaka 2011 Grinband na wenzake walirudi na hoja nzito. Walisema kwamba ukizingatia muda, ishara ya eneo hilo haifuati mgongano wala uwezekano wa kukosea. Inafuata muda ambao mtu amekuwa kazini. Nick Yeung, Jonathan Cohen na Botvinick walijibu mwaka huo huo, wakisema kwamba tafsiri na modeli ya wenzao ndizo zenye kasoro.

Ninapousoma mjadala ule naona kila upande una neno la kweli. Upande wa Grinband una haki kudai kwamba kabla ya kulipa eneo la ubongo cheo kikubwa, lazima maelezo mepesi yaondolewe kwanza, na hakuna maelezo mepesi kuliko kukawia. Lakini upande wa pili nao unagusa jambo ambalo takwimu haziwezi kulitatua. Kama mgongano ndio unaomfanya mtu akawie, basi muda na mgongano si vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Ukiuondoa muda wote kwenye hesabu, umeondoa pia sehemu ya mgongano uliokuwa unautafuta. Donders angelielewa hilo mara moja. Kwake yeye muda ulikuwa ndio habari yenyewe, na asingekubali kuutupa kama uchafu. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba ukishauingiza muda na tofauti ikatoweka, basi hakukuwa na kitu. Kulikuwa na kitu. Kilichotoweka ni ruhusa ya kukiita nguvu.

Kazi ya Tal Yarkoni na wenzake ya mwaka 2009 iliongeza uzito mwingine. Walikusanya tafiti tano zenye kazi tofauti, wakatazama jinsi ishara inavyobadilika swali kwa swali kadiri mtu anavyokawia. Waliona kwamba kukawia kunaambatana na ishara kubwa katika maeneo mapana ya ubongo, hasa ya mbele, bila kujali kazi ilikuwa ipi. Maana yake ni kwamba karibu kazi yoyote ngumu, ikitolewa kazi yoyote nyepesi, itawasha maeneo yanayofanana kwa sababu tu mtu alitumia muda zaidi. Ukiwahi kujiuliza kwa nini picha za tafiti zisizohusiana zinafanana hivyo, hiyo ni sehemu ya jibu.

Hadi hapa ningeweza kuambiwa kwamba hili ni jambo la mafundi, wamalizane wenyewe. Sikubali, kwa sababu ya watu. Wazee hujibu polepole kuliko vijana. Watoto hujibu polepole kuliko watu wazima. Mwenye sonona hukawia. Anayejibu kwa lugha aliyojifunza ukubwani hukawia, hata akiwa na akili ya kupasua mwamba. Weka makundi mawili kwenye mashine, liite moja la wagonjwa na jingine la wazima, kisha andika 2 kwa kila swali la kila mtu. Picha itatoka na rangi. Itasemwa kwamba ubongo wa wagonjwa unalazimika kufanya kazi kwa nguvu nyingi, au kwamba mzunguko fulani umeharibika. Na inawezekana kabisa kwamba mashine imeona jambo ambalo saa ya mkononi ingelionyesha bure: walichukua muda zaidi. Tukumbuke pia kwamba mishipa ya damu nayo huzeeka, na wimbi la mzee halina umbo lile lile la kijana. Anayetoa hukumu juu ya ubongo wa mtu kwa picha ya namna hii amebeba dhamana. Hukumu hizo hazibaki kwenye majarida. Zinafika shuleni, kliniki na mahakamani, na mtu mpole aliyezoea kupima maneno yake kabla ya kuyatoa anaweza kurudishiwa picha inayosema ana kasoro.

Mwaka 2024 Jeanette Mumford, Russell Poldrack na wenzao wa Stanford waliliweka suala hili mezani upya katika jarida la Nature Human Behaviour, wakaliita kitendawili cha muda wa kujibu. Kitendawili chenyewe ni hiki: tofauti ya muda ndiyo mwanasaikolojia anayoitafuta anapobuni kazi, na tofauti hiyo hiyo ndiyo inayomvurugia mchambuzi wa picha. Walionyesha pia kwamba muda ukiachwa nje ya hesabu ya mtu mmoja mmoja, unaweza kuzusha uhusiano wa uongo pale watu wanapolinganishwa baadaye, hata na vipimo ambavyo mtafiti hakudhani vinagusana na kasi ya kujibu. Njia waliyoipendekeza haihitaji mashine mpya wala fedha. Ndani ya hesabu, kila aina ya swali ipewe safu yake yenye vipindi vya urefu usiobadilika, kisha iongezwe safu moja zaidi inayobeba maswali yote, kila moja kwa urefu wa muda ambao mtu aliutumia kujibu. Safu hiyo ya ziada inabeba kile kinachoendana na kukawia. Safu za kwanza zinabaki na tofauti ambayo kukawia hakuielezi. Vyote viwili vinaripotiwa, na msomaji anaona mwenyewe kipi ni kipi.

Naiunga mkono njia hiyo, na sababu yangu ni kuripoti vyote viwili. Anayefuta muda anapoteza habari. Anayeupuuza anaipa habari hiyo jina lisilo lake. Njia hii ina mipaka yake, kwa kuwa inachukulia kwamba kukawia kwa sekunde moja kuna athari ile ile katika swali jepesi na katika swali gumu, jambo ambalo linaweza kuwa si kweli na linafaa kupimwa. Lakini kati ya kufanya makadirio yaliyo wazi na kufanya makadirio yasiyosemwa, sioni cha kubishania.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi wa takwimu, saikolojia, udaktari na kompyuta katika vyuo vyetu, ambao wengi wao hawatapata saa hata moja ya mashine ya MRI kwa ajili ya utafiti. Hii ni sehemu ya sayansi ya ubongo ambayo haiwasubiri mpate mashine. Hazina ya OpenNeuro imeweka data za tafiti nyingi za ubongo mahali ambapo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila malipo, na programu za FSL na AFNI hutolewa bure kwa ajili ya masomo na utafiti. Pakueni utafiti mmoja wenye kazi kama ile ya Stroop. Kabla ya kutazama picha yoyote, fungueni faili la matukio na msome safu ya pili. Mkikuta tarakimu ni moja kutoka juu hadi chini, na muda wa kujibu umerekodiwa kando bila kutumika, rudieni hesabu mkiutia ndani, mlinganishe ramani mbili mtakazopata, na mchapishe mlichokiona, hata kama ramani hazitatofautiana.